Kidole cha Padre Leutfred

Agosti 19

Askofu wetu Bertchar amefariki leo asubuhi, muda mfupi baada ya kunywa mchuzi wa kuku na kulalamika kwamba hauna chumvi. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshikwa na Padre Leutfred, na marehemu alikata roho macho yakiwa upande huo. Wengine wote walikuwa wanalia, kwa hiyo nadhani ni mimi peke yangu niliyeona.

Huu ni mwaka wa kumi na nne mimi ni Shemasi Mkuu wa Verniaco. Mapadre nawapangia zamu mimi, wajane nawagawia mkate mimi, na sheria za Kanisa hakuna anayezijua katika mji huu kama mimi. Sasa kiti ki wazi. Naandika haya kwenye vipande vya ngozi vilivyokwanguliwa maandishi ya zamani, maana sina mtu wa kumwambia.

Agosti 21

Tumemzika. Leutfred alihubiri. Watu walilia, wakacheka kidogo, wakalia tena. Mimi nilisoma somo. Mtu mmoja alipiga miayo.

Agosti 22

Nimeifunga nyumba ya askofu na kuitia lakiri, kama sheria inavyotaka, watu wasije wakabeba vyombo vya marehemu. Ermina, mpishi wa nyumba hiyo, alinifuata mpaka kanisani.

“Shemasi Mkuu, sufuria zangu umezifungia ndani. Sasa nipikie nini, viatu vyako?”

“Sheria ni sheria, mama.”

“Sheria haili. Leutfred angenifungulia jikoni kwanza, ndipo afunge mengine.”

Nimemfungulia jikoni. Hakusema asante.

Agosti 30

Barua ya Askofu Mkuu imefika, nami ndiye niliyeisoma mbele ya watu. Mambo ni yale yale ninayoyajua kwa moyo. Mapadre na watu wa mji wachague wenyewe, wala asiletwe askofu kwa watu wasiomtaka. Anayechaguliwa asiwe na kizuizi. Wachaguzi wote watie sahihi kwenye barua moja. Askofu Haldemar wa mji jirani atakuja kusimamia. Tusipokubaliana kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwezi Novemba, mfalme atatupa mtu wake. Watu wananong’ona kwamba mtu huyo ni mkuu wa mawindo wa mfalme, ambaye hata utosi hajanyolewa kama mtu wa Kanisa.

Majina yanayotajwa ni mawili, la Leutfred na langu. Ermina anataja moja tu.

Septemba 3

Mvua kidogo. Leutfred ana mafua. Wanawake sita wamempelekea asali.

Septemba 8

Leo tumeanza kuvuna zabibu katika shamba la askofu. Kwa desturi yetu siku ya kwanza mapadre na mashemasi wote huvuna pamoja na watu. Mimi nilivuna mistari miwili mizima, nadhifu, bila kuangusha hata punje. Leutfred hakumaliza hata mmoja, maana kila hatua anasimama kuuliza mtu habari za mguu wake, mkwe wake, ng’ombe wake. Hata punda wa mwenye pipa la kubebea zabibu anamjua kwa jina, na punda yule akimwona hupiga kelele ya furaha. Mimi akiniona hugeuza masikio nyuma.

Jioni nilikaa karibu na Ermina akimenya vitunguu. Nikamwuliza, kama mzaha, kwa nini mimi hawanipendi.

“Nani kasema hawakupendi? Wanakuheshimu.”

“Si kitu kimoja.”

“Ndiyo hivyo, si kitu kimoja,” akasema. “Wewe unajua majina ya mitaguso yote ya maaskofu, tangu enzi za mababu. Yeye anajua ya kwetu. Nipe kile kisu.”

Roho iliniuma kiasi kwamba chakula kilinishinda.

Septemba 9

Nimevuna mistari mitatu. Hakuna aliyetazama.

Septemba 14

Askofu Haldemar amefika. Ni mnene, ana jongo, mguu mmoja huuweka juu ya kigoda na kuuzungumzia kama mtoto mkorofi. Nilimpokea kwa hotuba. Aliisikiliza yote, kisha akasema, “Vizuri. Kuna jibini?”

Baada ya kula akaniambia kitabu cha sheria nikiache mezani kwake, atakuwa anakisoma taratibu.

“Nataka kujua kama yeyote kati yenu wawili ana kizuizi,” akasema. “Wewe unacho?”

“Sina, Baba.”

“Na mwenzako?”

“Sijui, Baba.”

Nilijibu haraka mno.

Septemba 17

Mvua. Nimehesabu kichwani nani yuko upande wa nani. Tuko ishirini na watatu wenye haki ya kutia sahihi, mbali na wazee wa mji. Mimi ninao saba, na kati ya hao saba wawili ni viziwi. Padre Sigivert, ambaye nilimuuguza miezi mitatu na kumwogesha kwa mikono yangu, ameniambia hivi: “Gundoin mwanangu, wewe ungetufaa sana. Ila Leutfred tunampenda.” Anasema hivyo akinipapasa bega, ati ananifariji.

Septemba 18

Mvua.

Septemba 19

Mvua. Zabibu zilizobaki shambani zimeanza kupasuka. Watu wanasema Mungu amekasirika kwa kuwa hatuna askofu.

Septemba 21

Niandike basi, nipumue.

Katika kitabu cha sheria kuna ukurasa ambao siku hizi zote nimekuwa nikiupita mbio. Kanuni ni fupi. Mtu aliyejikata kiungo kwa hiari yake, hata kama ni sehemu ya kidole tu, haruhusiwi kuingia katika utumishi wa altare. Lakini aliyekatika kwa ajali, akiwa katika kazi za shamba na mfano wa hizo, au aliyekatwa na mtu mwingine, hana lawama.

Leutfred hana pingili mbili za kidole cha kunyooshea, mkono wa kushoto. Mji mzima unajua, na mji mzima unajua kauli yake, maana aliisema mbele ya marehemu askofu na watu wa shambani: “Nimejikata mwenyewe.” Ilikuwa Machi, miaka ishirini na miwili iliyopita, tulipokuwa tunapogoa mizabibu. Mwaka huohuo mfalme wa wakati ule aliita vijana vitani, na si vijana wachache waliojikata vidole wasiende kushika upinde. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, kwa sababu ni Leutfred.

Naye hakujikata. Nilimkata mimi.

Sote wawili tulikuwa wasomaji wadogo wa kanisa, tunalala chumba kimoja, tunakula sahani moja. Asubuhi ile askofu alikuwa amemchagua yeye asome katika mkesha wa Pasaka. Mimi nilisoma vizuri kuliko yeye, hilo hata yeye alisema. Tulipokuwa shambani akanigeukia akacheka, akasema nimfundishe kutamka vizuri lile somo refu. Hakuwa na ubaya. Nilikuwa na mundu mkononi, na mkono wake ulikuwa juu ya tawi. Sikuteleza. Nataka iandikwe mahali fulani kwamba sikuteleza.

Alikizungushia kisiki cha kidole pindo la kanzu yake, akaniangalia, na watu walipokuja mbio akasema vile alivyosema. Ningefukuzwa siku ileile, nirudi kwa baba kuchunga nguruwe. Tangu hapo hajawahi kulitaja, si kwa neno, si kwa jicho. Angenisuta hata mara moja, nadhani ningempenda.

Septemba 23

Askofu Haldemar alikuwa bafuni akikandwa mguu. Niliingia chumbani kwake, nikakifungua kitabu kwenye ukurasa ule, nikaweka utepe, nikatoka. Sikusema uongo wowote. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Septemba 24

Mvua. Kitabu kimefungwa. Hajasema kitu.

Septemba 25

Mvua. Hajasema kitu. Ameomba jibini zaidi.

Septemba 29

Amesema. Aliwaita mapadre wote, akasoma ile kanuni kwa sauti, akamwuliza Leutfred kidole chake kilikwendaje. Leutfred akasema lilikuwa jambo la zamani. Askofu Haldemar akasema jambo la zamani au jipya, litasikilizwa kanisani mbele ya watu wote, baada ya siku tatu za kufunga.

Kufika mchana mji wote ulikuwa na habari. Ajabu ni jinsi watu wanavyogeuka. Mwenye pipa, ambaye Leutfred alimbatizia watoto tisa, nilimsikia akisema, “Sasa nikikumbuka, mwaka ule ndio wa vita. Kaka yangu alikwenda akafa. Yeye alibaki na kidole kimoja pungufu.” Nilitegemea nitafurahi. Nilifurahi, ndiyo, lakini ilikuwa furaha ya kula mkate wenye mchanga.

Oktoba 2

Jua limetoka. Nimekutana na Leutfred penye shinikizo la zabibu, miguu yake myekundu mpaka magotini. Hakukuwa na njia ya kumkwepa.

“Gundoin,” akasema, “zabibu zimeokoka zaidi ya nusu. Nilidhani tutakunywa maji mwaka huu.”

“Hutaki kuniuliza kitu?”

“Kama nini?”

“Usijifanye hujui. Shahidi ni mmoja tu.”

Akapangusa miguu kwa majani, taratibu. “Mimi sina shahidi,” akasema. “Kula kitu kabla ya mfungo, umekonda.”

Nikaondoka. Nilikuwa na hasira mpaka nikapita nyumba yangu bila kuiona.

Oktoba 6

Siku ya kwanza ya mfungo. Ermina haongei nami. Mkate wangu wa jioni aliuweka mezani umegeuzwa chini juu, kama wanavyomwekea mnyongaji.

Oktoba 9

Nimetulia kidogo sasa, naandika yote.

Kanisa lilijaa hadi uani. Askofu Haldemar alikaa mbele ya altare, mguu kwenye kigoda, kasha la masalia ya watakatifu likiwa mezani kwake. Alimwita Leutfred.

“Padre, watu wanakutaka na mimi sina neno nawe. Lakini sheria hii si yangu wala yako. Mwenyewe ulisema umejikata. Kama ulijikata kusudi usiende vitani, huwezi kuwa askofu, tena hata upadre ulionao ni wa mashaka. Kama ni ajali, hakuna tatizo. Weka mkono hapa, uape, utuambie ilikuwaje.”

Leutfred alilitazama kasha. “Baba, kuapa sitaapa.”

“Basi sema bila kuapa.”

“Na hilo pia naomba unisamehe.”

“Ukinyamaza nitachukua kwamba umekiri. Umenielewa? Utapoteza kiti na pengine altare.”

“Nimekuelewa, Baba.”

Watu wakaanza kuguna. Mwanamke mmoja akalia, akasema, “Sema neno, Baba Leutfred, neno moja tu.” Yeye akasimama palepale, mikono imefungwa mbele, kisiki cha kidole kinaonekana wazi. Hakunitazama. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na uchungu. Hakuwa nao. Alikuwa ametulia, uso wake una raha, kama mtu aliyekaa kivulini kwake mwenyewe.

Hapo ndipo wivu uliponipanda kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikuwa nimeshinda. Saba wangu wangekuwa ishirini na wawili, maana hakuna aliyemtaka mwindaji wa mfalme. Lakini niliona jinsi itakavyokuwa. Nitakaa kile kiti kwa hisani yake. Kila nitakapoinua mikono kubariki, atakuwa amekaa mahali fulani kwenye benchi la nyuma, ametulia hivyohivyo, ananisamehe. Amenipa maisha yangu mara ya kwanza, sasa ananipa na uaskofu. Nikasema moyoni, hapana, huu hunipi.

Nikasimama. “Ni mimi niliyemkata.”

Nikasikia njiwa juu ya dari.

Askofu Haldemar hakushtuka. “Kwa bahati mbaya, bila shaka,” akasema. “Vijana, visu, kazi za shamba.”

Alinifungulia mlango mpana kabisa. Ningesema ndiyo, tungekwenda nyumbani wote. Lakini Leutfred aligeuka, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa upole wake ule, “Gundoin, kaa.”

“Sikai,” nikasema. “Kwa kusudi, Baba. Alichaguliwa kusoma Pasaka nami sikuchaguliwa. Nilikiona kidole nikapiga. Yeye akanifichia.”

“Na kitabu changu, nani alikifungua?”

“Mimi.”

“Nilijua,” akasema Askofu Haldemar. “Jongo langu ni la mguu, si la macho. Nilikuwa nangoja kuona utafika wapi.”

Kisha akanihukumu palepale. Nimevuliwa ushemasi mkuu, nisihudumu altareni miaka mitatu, niishi kwa watawa wa ng’ambo ya mto kwa mkate, maji na mboga. Leutfred hana kizuizi. Watu walipiga kelele jina lake mpaka njiwa wakatoroka. Nilimtazama, nikidhani angalau ataonekana mwenye furaha. Alikuwa mweupe kama nta.

Oktoba 10

Jambo la ajabu. Nimekwenda kuchota maji, wanawake wakanipisha. Mwenye pipa alinivulia kofia. “Shemasi Mkuu,” akasema, “si wengi wangesema vile.” Nikamwambia mimi si shemasi mkuu tena. “Kwangu bado,” akasema. Hata Padre Sigivert alikuja akaniambia amehubiri ukweli miaka arobaini na jana ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Nilitaka kuwaambia sikufanya kwa ajili ya ukweli. Nilifanya kwa sababu sikuweza kumvumilia. Sikuwaambia.

Ermina ameleta jibini zima. “Ulikuwa mbwa,” akasema, “ila mbwa aliyesema.” Akaketi akanitazama nikila, na hakuondoka mpaka nilipomaliza. Miaka kumi na minne hajawahi kuketi mezani kwangu.

Oktoba 12

Wamemchagua Leutfred. Barua ya uchaguzi nimeiandika mimi, maana hakuna mwingine anayejua maneno yanavyopangwa. “Tumemchagua mtu mpole, msafi, mwenye subira, mkarimu kwa wageni, asiye na kijicho.” Mkono wangu mwenyewe. Wote wametia sahihi isipokuwa mimi, kwa kuwa aliye katika toba haruhusiwi. Mwandiko ni mzuri, nakubali.

Oktoba 19

Jumapili. Maaskofu watatu wamemwekea mikono. Nilisimama nje ya mlango pamoja na wenye toba wengine, mwizi wa kondoo na mtu aliyempiga mamaye. Watu walipotoka, wengi walikuja kwetu kwanza kabla ya kwenda kubusu pete. Mama mmoja aliniletea mtoto wake ati nimshike kichwa. Nikamwambia askofu yuko kule. Akasema, “Najua, tutakwenda na kule.”

Leutfred alikuwa anatutazama juu ya vichwa vya watu.

Oktoba 27

Kwa watawa. Kabichi. Mvua.

Novemba 4

Leo nilikuwa bustanini nang’oa kabichi, nikamwona Leutfred anakuja peke yake kwa miguu, kanzu ya askofu imelowa hadi magotini. Nikaweka jembe chini nikamwamkia kwa heshima ya cheo chake. 

“Nani alikuomba useme?” akaniuliza.

Sikuelewa. Nikasema, “Ungepoteza kila kitu.”

“Nilikuwa nimeshakubali kupoteza. Nilikuuliza, nani alikuomba?”

“Hakuna.”

Akatembea mpaka mwisho wa tuta akarudi. “Miaka ishirini na miwili, Gundoin. Watu wakinisifu, nilikuwa nawaza, hawajui hata nusu. Wakinidharau, nilikuwa najisemea, Mungu anajua. Nilikuwa na kitu kimoja ambacho ni mimi na Yeye tu tuliokijua. Ndicho kilichonifanya niwe mpole na watu. Hata siku ile kanisani, nilipokuwa nimesimama, sijapata kuwa na raha namna ile. Ukasimama ukanipora.”

“Sasa watu wote wanajua wema wako.”

“Wema wangu.” Akacheka bila furaha. “Wanausimulia kisimani pamoja na bei ya samaki. Hata hivyo hawasimulii wangu, wanasimulia wako. Jumapili nimehubiri juu ya kusema kweli. Mzee mmoja pale mbele akamwambia mwenzake, mahubiri haya angefaa kuyatoa Gundoin. Na wote wawili wakaitikia kwa vichwa. Nilisahau neno linalofuata.” Akajipiga kifuani. “Ilinichoma hapa. Mchana kutwa sikuweza kula. Nimeanza kuhesabu ni nani wanaovuka mto kuja kukuona. Ermina amekuja mara ngapi?”

“Mara tatu.”

“Aliniambia ni mara moja tu.”

Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakuifuta. Nilikuwa namwangalia, na kila kitu alichokisema nilikuwa nakijua kabla hajakimaliza, jinsi kinavyoanza asubuhi mtu akiamka, jinsi kinavyokaa naye mezani. Nilijua hata swali litakalofuata. Aliuliza kama yule mama wa mtoto naye amefika. Nikamwambia amefika.

Nikapiga magoti kwenye matope nikambusu pete, maana ni askofu wangu, na nikamwonea huruma kwa dhati. Nikamwambia haya mambo hupungua mtu akifanya kazi za mikono. Hilo si kweli, lakini sikuwa na jingine la kumpa. Akanibariki kwa haraka, akaondoka.

Nilirudi kwenye kabichi zangu. Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima.